Kutenganisha michanganyiko kwa vitu vya jikoni: mwongozo kamili, kuanzia chumvi iliyomwagika mchangani

Chumvi ya mawe ikimwagika uani, wengi wetu huifagia na kuitupa pamoja na mchanga wake. Mimi naomba usiitupe. Izoe ilivyo, weka kwenye bakuli, umwite mtoto aliye darasa la tano au la sita. Kwenye bakuli hilo mna somo zima la maada, na vifaa vyote viko jikoni. Kazi yote ni ya siku tatu au nne, nyingi zikiwa ni za kusubiri jua.

Kabla ya kugusa chochote, kuna jambo moja la kushika. Ndani ya mchanganyiko kila kitu kimebaki na tabia yake. Chumvi iliyopotea ndani ya maji bado ni chumvi, na mchanga uliolowa bado ni mchanga. Mkate ulioiva huwezi kuurudisha ukawa unga, kwa sababu pale vitu vimegeuka kuwa vitu vingine. Mchanganyiko haujafika huko. Kwa hiyo kila hatua hapa chini inaanza na swali lile lile: hiki kina tabia gani ambayo mwenzake hana? Ukipata jibu, njia ya kuvitenganisha umeshaipata.

Maneno mawili yanayochanganywa

Tunasema siagi imeyeyuka kwenye kikaango, na tunasema sukari imeyeyuka kwenye chai. Katika mazungumzo hakuna ubaya. Katika sayansi hayo ni mambo mawili tofauti, na nimeona watoto wengi wakikwama hapa kwa sababu hakuna aliyewaeleza mapema.

Siagi inayeyuka. Iko peke yake. Moto umezitikisa chembe zake mpaka zimelegea na kuanza kupishana, basi yabisi imekuwa kimiminika. Sukari inamumunyika. Inahitaji mwenzake, yaani maji, ambayo chembe zake huivamia punje ya sukari pembeni, zikaimega chembe moja moja na kuzibeba. Chumvi inaonyesha tofauti hii waziwazi. Ili iyeyuke peke yake inataka nyuzijoto 801 za Selsiasi, joto ambalo chuma cha mhunzi huwa chekundu. Lakini ndani ya maji ya mtungini, bila moto wowote, inamumunyika kwa dakika chache.

Hakikisha kwanza kwamba chembe zinatembea

Chukua glasi mbili, moja ya maji baridi, nyingine ya maji ya moto. Ziache zitulie kabisa, kisha tumbukiza kifuko cha chai kwenye kila moja taratibu, bila kukoroga. Inama macho yawe usawa wa glasi. Kwenye maji ya moto utaona nyuzi za rangi ya kahawia zikishuka na kujikunja kama moshi uliogeuzwa kichwa chini, na baada ya dakika mbili tatu maji yote yamekolea. Kwenye maji baridi rangi inakaa chini kama pazia, ikipanda polepole mno. Hakuna aliyekoroga. Chembe za maji zenyewe zinagongana bila kupumzika, na joto huzizidishia mwendo. Maji ya moto pia huwa na mikondo yake ndani, nayo inasaidia kubeba rangi.

Mwaka 1827 mtaalamu wa mimea Robert Brown aliona kwa hadubini vipande vidogo vilivyotoka kwenye chavua vikicheza ndani ya maji bila kutulia. Maelezo kamili yalingoja hadi 1905, Albert Einstein alipokokotoa kwamba mchezo ule unatokana na chembe za maji zisizoonekana zinazovigonga vipande hivyo kutoka kila upande. Kifuko chako cha chai kinakuonyesha jambo hilo hilo kwa umbo kubwa.

Jaribio jingine halitaki hata maji. Pima kikombe kimoja cha maharage na kikombe kimoja cha uwele, vichanganye kwenye jagi, tikisa, kisha pima tena. Hutapata vikombe viwili kamili, kwa sababu uwele umeingia kwenye nafasi zilizo kati ya maharage. Ndivyo ilivyo kwa maji na spiriti: mililita 50 za maji na mililita 50 za spiriti safi hutoa kama mililita 96 au 97, wala si 100. Kimiminika kinaonekana kimejaa, kumbe kati ya chembe zake mna nafasi.

Kazi yenyewe: bakuli la vitu vinne

Kama chumvi haijamwagika, tengeneza mchanganyiko mwenyewe:

- chumvi ya mawe, gramu 100
- mchanga uliooshwa na kukauka, gramu 100
- vumbi la chuma, kijiko kimoja cha chai (omba kwa fundi wa kuchomelea vyuma, linalodondoka anapokata)
- vumbi la mbao, konzi moja, kutoka kwa seremala

Utahitaji pia sumaku (ya spika iliyokufa inatosha kabisa), mfuko wa plastiki, chujio la chai, kitambaa cha pamba kama kanga kuukuu, sufuria, sahani bapa na mizani ya jikoni. Pima kila kitu na uandike kabla ya kuchanganya. Usiruke hatua hii. Bila vipimo vya mwanzo hutajua mwishoni kama umefanikiwa.

Na tangu sasa: usionje kitu. Chumvi utakayopata ni ya somo, si ya mboga. Chochote kilichomo uani kinachomumunyika kitapita njia zote pamoja nayo, na macho hayawezi kukiona.

*Hatua ya 1: chuma.* Anza na sumaku wakati mchanganyiko bado mkavu, kwa kuwa chuma kikilowa na chumvi kitashika kutu. Iingize sumaku ndani ya mfuko wa plastiki, ipitishe juu ya mchanganyiko ulioutandaza kwenye sinia. Chuma kitasimama kama nywele kwenye mfuko. Peleka juu ya karatasi, toa sumaku kutoka ndani ya mfuko, na chuma chote kitadondoka. Wanaosahau mfuko hubaki wakikwangua sumaku kwa kucha nusu saa nzima. Rudia mara tatu au nne, ukigeuzageuza mchanganyiko.

*Hatua ya 2: mbao.* Mimina maji mililita 400 na ukoroge. Vumbi la mbao litapanda juu. Liopoe haraka kwa chujio la chai, kwa sababu mbao zikikaa hunywa maji na kuzama. Wakati huo huo chumvi inamumunyika.

Kwa nini mililita 400? Mililita 100 za maji ya kawaida haziwezi kubeba zaidi ya gramu 36 hivi za chumvi. Ukizidisha, inayobaki inakaa chini, hata ukoroge hadi magharibi. Tunasema maji yameshiba. Gramu zako 100 zinahitaji angalau mililita 280, na zilizozidi ni akiba. Wengi hudhani maji ya moto yatabeba chumvi nyingi zaidi. Hayabebi: hata yakichemka hufika gramu 39 tu. Moto unaharakisha kazi bila kuongeza mzigo. Sukari ni tofauti kabisa, kwani maji baridi hubeba kama gramu 200 na yanayochemka hukaribia 490. Ndiyo sababu shira nzito ukiipoza huganda sukari pembeni, na maji ya chumvi ukiyapoza hayatoi kitu cha maana. Kwa chumvi itakubidi uyaondoe maji yenyewe.

*Hatua ya 3: mchanga.* Acha bakuli dakika kumi, mchanga ushuke. Kisha mimina maji ya juu taratibu kwenye chombo kingine, ukiinamisha bakuli mara moja tu bila kulirudisha, maana kulirudisha kunatibua mashapo.

Hapa ndipo chumvi nyingi hupotea. Mchanga uliobaki unaonekana umeisha kazi, lakini umeshika maji, na maji yale yana chumvi. Gramu 100 za mchanga mbichi zinaweza kushika kama mililita 25, ambazo kwa mchanganyiko wetu ni gramu 6 za chumvi. Ongeza maji mililita 50, koroga, acha utulie, mimina. Halafu rudia na mililita 50 nyingine. Kuosha mara mbili kwa maji machache kunatoa chumvi nyingi kuliko kuosha mara moja kwa maji yote. Kila mama anayesuuza nguo analijua hili.

*Hatua ya 4: kuchuja.* Kunja kitambaa mara nne, kifunge kwenye mdomo wa chombo, mimina maji. Yakitoka na ukungu, yapitishe tena juu ya kitambaa kile kile bila kukiosha. Uchafu ulionasa unaziba matundu makubwa, na mchujo wa pili huwa safi kuliko wa kwanza. Chumvi haitanasa hata ukikunja mara ishirini. Chembe ya maji ina upana wa karibu nanometa 0.3, na nanometa moja ni milimita iliyogawanywa mara milioni. Chembe za chumvi iliyomumunyika ni za kimo hicho hicho. Kwao matundu ya kanga ni malango.

*Hatua ya 5: kuvukiza.* Chemsha mchujo kwa moto wa wastani mpaka ubaki karibu nusu. Mtu mzima awepo. Utando mweupe ukianza juu au ukingoni, punguza moto mara moja au epua, kwa sababu chumvi inayokaribia kukauka huruka na kuunguza. Maji yaliyoshiba chumvi huchemka kwenye nyuzijoto 108 hivi, si 100, kwa hiyo tone lake linachoma kuliko la maji matupu. Mimina kilichobaki kwenye sahani bapa, funika kwa chandarua au kitambaa chepesi kuzuia vumbi, weka juani.

Sasa kaa na sahani hiyo. Mchana wa siku ya kwanza utaona vidirisha vya mraba, vyembamba kama kucha ya mtoto mchanga, vikielea juu ya maji. Viguse kwa ncha ya kijiti, vitazama. Siku ya pili viko chini, vimenenepa. Chukua lenzi: kila fuwele ina pande nne zilizonyooka, na nyingine zina ngazi ndogo zikishuka kuelekea katikati, kama shimo la machimbo. Pembe zote ni za mraba kwa kuwa ndani yake chembe za sodiamu na kloridi zimepangana kwa kupokezana, mstari juu ya mstari. Ukivukiza haraka kwa moto utapata unga. Ukiacha kivulini wiki nzima utapata fuwele unazoweza kushika kwa vidole. Chembe zinahitaji muda wa kutafuta nafasi zao.

Chumvi ikikauka, pima. Ukipata gramu 90 na ushei umefanya vizuri. Ukipata zaidi ya 100, usifurahi: bado ina maji. Anika tena, pima tena, mpaka uzito usibadilike mara mbili mfululizo.

Wanaofanya hivi kwa riziki

Kilo moja ya maji ya bahari hubeba kama gramu 35 za chumvi za aina mbalimbali. Kwenye mashamba ya chumvi ya pwani, kama Gongoni na Ngomeni kaskazini mwa Malindi, maji huingizwa kwenye mabwawa ya kina kifupi na jua hufanya kazi ya sufuria. Chumvi haianzi kutoka mpaka maji yabaki karibu moja ya kumi. Kabla ya hapo hutangulia chokaa na jasi. Na ukikausha mpaka tone la mwisho, chumvi huchukua magnesi iliyobaki kwenye maji yale machungu ya mwisho. Magnesi hiyo ndiyo inayovuta unyevu hewani, ndiyo maana chumvi ya mawe isiyooshwa vizuri hulowa kwenye kopo wakati wa masika. Uvinza mkoani Kigoma hakuna bahari, lakini kuna chemchemi za maji chumvi, na watu wamekuwa wakiyachemsha kwa zaidi ya miaka elfu moja. Hatua yako ya tano ndiyo yao.

Kitambaa kikishindwa: maji ya tope

Maji ya mto wakati wa mvua huyachuji yakawa meupe, na ukiyaacha usiku kucha bado yana rangi ya chai ya maziwa. Chembe za udongo wa mfinyanzi ni ndogo mno na zote zina chaji hasi, basi zinasukumana na hazikutani zikawa bonge zito la kuzama.

Dawa yake ni shabu, ile inayouzwa kwa vipande kama barafu.

1. Saga kipande cha ukubwa wa punje ya mchele kwa lita moja ya maji.
2. Tia, koroga kwa nguvu dakika moja.
3. Kisha koroga polepole sana dakika tano hadi kumi. Hapa ndipo mabonge yanapokua. Ukikoroga kwa nguvu unayavunja.
4. Acha saa moja, mimina maji ya juu.

Alumini ya shabu ina chaji chanya, inawapatanisha wale waliokuwa wakisukumana. Utaona vinyweleo kama pamba vikishuka. Mbegu za mlonge zilizotwangwa hufanya kazi hiyo hiyo kwa protini zake. Lakini maji maangavu si lazima yawe salama. Ya kunywa yachemshe, yatokote sawasawa kwa dakika moja angalau.

Kati ya tope na maji ya chumvi kuna kundi la tatu: maziwa, tui. Zima taa, washa tochi upande mmoja wa glasi ya maji ya chumvi. Mwali hauonekani ndani. Dondoshea tone moja la maziwa, koroga, na mwali unatokea kama fimbo ya ukungu. Chembe za maziwa ni kubwa kiasi cha kutawanya mwanga, na ni ndogo kiasi cha kutozama. Tui ni vitone vya mafuta vilivyozuiwa na protini visiungane. Moto ukizidi, protini inashindwa na vitone vinaungana juu. Mpishi husema tui limekatika.

Ukitaka maji badala ya chumvi

Kuvukiza kumetupa chumvi na kuyapoteza maji. Kukeneka, yaani kuchemsha maji na kuukusanya mvuke wake ukipoa, kunayarudisha. Weka kikombe kizito cha kauri katikati ya sufuria, zungushia maji ya chumvi yasiyozidi nusu ya kimo chake. Pindua kifuniko, kishikio kielekee chini juu ya kikombe, na juu yake weka barafu au maji baridi. Moto uwe mdogo. Mvuke unapanda, unagusa kifuniko baridi, unarudi kuwa maji, unatiririka hadi kwenye kishikio na kudondoka kikombeni. Nusu saa inatosha. Badala ya kuonja, dondosha tone la kila maji kwenye kipande cha kioo na uache likauke. Maji ya sufuria huacha doa jeupe, ya kikombe hayaachi kitu.

Pemba, kiwanda cha Wawi hukeneka mafuta ya makonyo ya karafuu kwa mvuke. Eujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta hayo, peke yake huchemka kwenye nyuzijoto 254, lakini ikichanganyika na mvuke wa maji hupanda chini ya 100, basi harufu haiungui. Nyumbani usijaribu kukeneka spiriti wala kitu chochote kinachoshika moto. Mvuke wake hutambaa hadi kwenye jiko.

Rangi ndani ya rangi

Vitu vinavyomumunyika vyote kwenye maji vinahitaji ujanja mwingine. Chora mstari wa wino mweusi wa kalamu ya rangi inayofutika kwa maji kuzunguka chaki nyeupe, sentimita 2 kutoka chini. Simamisha chaki kwenye sahani yenye maji ya nusu sentimita. Wino usiguse maji. Maji yanapanda ndani ya chaki na kuburuta rangi. Ile inayopenda maji inakwenda mbali, ile inayong'ang'ania chaki inabaki nyuma. Katika dakika kumi mweusi mmoja unaweza kuachana kuwa bluu, zambarau, hata njano.

Mtaalamu wa mimea Mrusi, Mikhail Tsvet, alieleza njia hii mwaka 1903, akitenganisha rangi za majani kwa kuzipitisha kwenye unga wa chokaa. Rudia kazi yake: twanga majani matano ya mchicha kwenye kijiko kimoja cha spiriti ya duka la dawa, mbali na moto, simamisha chaki ndani, funika kwa glasi. Kijani cha klorofili kitapanda kidogo na kusimama, na juu yake utatokea mkanda mwembamba wa njano, ambao ni karotini. Pima kwa rula umbali wa kila mkanda kutoka chini kabla chaki haijakauka, kwa sababu klorofili ikiachwa mwangani hufifia, na kesho asubuhi mstari wa kijani unaweza usiuone tena.